Kitenzi kisichomtaja mtu

Tulikuwa tumefika kifungu cha 14 cha rasimu ya sheria ndogo za maji, mzee mmoja wa benchi la mbele akanyoosha mkono.

Kijiji kiko Morogoro Vijijini. Mkutano ulikuwa chini ya mwembe, wanaume wamekalia madawati yaliyobebwa kutoka shule ya msingi, akina mama wako kwenye mikeka na watoto wao. Mtendaji wa kijiji alikuwa amesimama katikati, anasoma kwa sauti kubwa, kifungu baada ya kifungu. Alipofika cha 14 akasoma: "Kamati ya maji itatekeleza sheria ndogo hizi."

Sentensi hiyo niliiandika mimi.

Mzee akainuka polepole, fimbo mkononi. "Mtendaji, naomba nieleweshwe. Kamati ndiyo itakayotekeleza?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Haya, vizuri. Kamati itekeleze. Na sisi tuliobaki, zinatuhusu au hazituhusu?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, na mimi nilihisi kitu kikinibana kifuani, maana nilijua papo hapo kwamba mzee amesoma sawasawa na mimi ndiye niliyeandika vibaya. Mtoto akitumwa dukani na baba yake, anayetekeleza ni mtoto. Mbunge akiahidi daraja, mwenye kutekeleza ahadi ni mbunge. Anayetekeleza agizo ni yule aliyeagizwa. Basi karatasi yangu ilikuwa imewaambia watu mia mbili kwamba sheria za maji zitafuatwa na watu saba wa kamati.

Mwenyekiti wa kamati akaona amsaidie mtendaji. "Mzee, maana yake ni kwamba tutawabana."

Kicheko kikakatika.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema kutoka kwenye mkeka, bila hata kusimama: "Mtatubana vipi? Ndoo zetu mtachukua? Atakayechukua ni nani? Na nikilipa faini napewa risiti, au ndiyo imeenda?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Kurasa 11 za rasimu hazikuwa na jibu la hata swali moja kati ya hayo. Nilikuwa pembeni, nakala ya Kiingereza mapajani, nikakitafuta kifungu cha 14 kwa kidole. Palikuwa na neno moja tu: "enforce".

Hiyo ni wiki ya saba sasa, na neno hilo bado sijaachana nalo.

Watatu ndani ya neno

Nafanya kazi ya kutafsiri kwa mwaka wa 12. Mikataba, miongozo, vipeperushi vya afya, rasimu za sheria. "Enforce" nimekutana nalo mara nyingi kiasi kwamba vidole vyangu vinaandika "tekeleza" kabla akili haijafika. Ndivyo lilivyo pia "implement". Ndivyo lilivyo "execute". Ndivyo lilivyo "carry out". Maneno manne ya Kiingereza yanaingia mlango mmoja wa Kiswahili, na yakishaingia hayajulikani tena lipi ni lipi.

Usiku ule niliporudi Morogoro mjini nilikaa na kalamu nikajaribu kulipasua neno lenyewe. Kwenye "enforce" kuna watatu. Kuna mwenye nguvu. Kuna sheria. Na kuna mtu anayefanywa aifuate, apende asipende.

Sasa angalia sarufi yake. "Force" humshika mtu: fulani amelazimishwa kuhama, amelazimishwa kulipa. "Enforce" haimshiki mtu. Inashika sheria, amri, mkataba, hukumu. Unaweza kuandika ukurasa mzima wa Kiingereza ukitumia "enforce" na yule mlazimishwa asitajwe hata mara moja. Ukimtaka, umwongeze mwishoni, nyuma ya "on" au "against", kama abiria anayening'inia mlangoni mwa daladala.

Zamani haikuwa hivyo. Katika Kiingereza cha karne ya 16 uliweza kumwandika mtu mwenyewe baada ya kitenzi hicho, kwamba fulani alishurutishwa nacho kufanya jambo. Matumizi hayo yamekufa. Kadiri miaka ilivyokwenda, mtu ameondolewa kwenye sentensi, ikabaki sheria peke yake na yule anayeisimamia. Ni kitenzi kisafi. Hakuna ndoo inayochukuliwa ndani yake.

Kiswahili hakina usafi huo, na hapo ndipo nilipoanza kuona haya kwa kazi yangu. Lugha yetu ina kauli ya kutendesha, na kauli hiyo haitaki kufichaficha. Lazima ikawa kulazimisha. Shuruti ikawa kushurutisha. Tii ikawa kutiisha, lile neno la Mwanzo 1:28, watu waijaze nchi na kuitiisha. Na kulazimisha kunadai kiambishi: utamlazimisha, atatulazimisha, wamekulazimisha. Yule mtu unamsikia katikati ya neno, amekaa kati ya wakati na kitendo, huwezi kumpita.

Mama wa kwenye mkeka aliuliza maswali manne. Yote manne yalikuwa yanatafuta kiambishi nilichokiondoa.

Ngome

Neno lenyewe limetoka mbali. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wa kale, "enforcier", na mzizi wake ni wa Kilatini: "fortis", imara, yenye nguvu. Maana ya kwanza ilikuwa kutia nguvu, kuimarisha. Ndugu zake ni wengi. Mmoja amekaa Mombasa tangu Wareno walipomjenga, 1593 hadi 1596, tunamwita Fort Jesus, na hata aliyezaliwa Mji wa Kale huenda hajawahi kuwaza kwamba "Fort" ile na "enforce" ya polisi ni ukoo mmoja. Mwingine ni "reinforce", fundi wa ujenzi anapolaza nondo ndani ya zege.

Nondo ndiyo iliyonisaidia kuelewa. Zege bila nondo linaonekana sawa kabisa. Ukuta umesimama, umepakwa rangi, wageni wanausifu. Hadi siku mzigo ukiuelemea.

Kiswahili cha sheria mara nyingi hakikuchukua picha hiyo ya nguvu. Kiingereza kinasema sheria "imeingia kwenye nguvu". Sisi tunasema sheria imeanza kutumika. Kutumika! Kama sufuria, kama barabara mpya. Napenda uungwana wa neno hilo, lakini linaacha wazi swali la nani anaitumia na kwa nani.

Sanduku la mama

Nikiwa katika kuwaza hayo nikamkumbuka mama yangu na hukumu yake.

Mwaka 2009 mama alishinda kesi mahakama ya mwanzo. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amechukua mpunga wake, gunia 22, kwa ahadi ya kulipa akirudi kutoka Dar es Salaam. Alirudi, hakulipa. Mama akashtaki, akashinda. Nakala ya hukumu akaileta nyumbani imekunjwa ndani ya khanga, akaiweka kwenye sanduku la chuma pamoja na vyeti vya ubatizo na picha za harusi. Kwake yeye mambo yalikuwa yameisha. Hakimu amesema.

Miezi minane ikapita, hakuna senti. Alipokwenda kuuliza, karani akamwambia: "Mama, hukumu hii hujaikazia."

Alirudi nyumbani amechanganyikiwa. "Hukumu inakazwaje?" Kukaza alikokujua yeye kulikuwa kwa kitanda cha kamba: kikilegea, unakipindua, mmoja anavuta huku, mwingine anakanyaga kule, mpaka kamba ilie. Kukaza nati ya baiskeli. Sasa na karatasi ya mahakama nayo inalegea?

Ndiyo, inalegea. Wanasheria wa Tanzania wanasema kila siku, maombi ya kukazia hukumu, na sijui aliyelitunga neno hilo kwanza lakini ninamheshimu. Mama alifungua maombi, akalipia, akarudi mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Mwaka 2011 dalali wa mahakama alikwenda dukani kwa yule bwana na amri ya kukamata mali, akaanza kuandika orodha: pikipiki, mizani, mashine ya kukoboa. Fedha zililetwa kwetu usiku wa siku hiyohiyo, kwenye mfuko wa kaki.

Mama alizihesabu mara mbili. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na umri wala elimu ya kulijibu: "Kwa hiyo siku ile hakimu alipoandika, aliandika nini?"

Nimelichukulia "enforce" kwa miaka yote hii kuwa kitenzi cha mgambo, cha rungu, cha kibanda cha mama lishe kinachobomolewa alfajiri. Nilisahau kwamba lilikuwa kitenzi cha mama yangu. Aliyekuwa hana nguvu yoyote katika kisa kile ni yeye, na kilichokosekana kwa miaka miwili ni mtu wa kumlazimisha mwenye nguvu.

Hapo mawazo yangu yaligeuka. Nilikuwa naelekea kuandika makala ya kulishutumu neno.

Amri bila mkono

Kuna msemo wa Marekani unaoningoja kila nikifika hapa. Mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu John Marshall, iliamua kesi ya Samuel Worcester, mmisionari aliyefungwa na jimbo la Georgia kwa kuishi katika ardhi ya Wacherokee bila kibali cha jimbo. Mahakama ikasema sheria za Georgia hazina nguvu katika ardhi ile. Inasimuliwa kwamba Rais Andrew Jackson alijibu: Marshall ameshatoa uamuzi wake, sasa na a-"enforce" mwenyewe.

Wanahistoria wengi hawaamini kwamba Jackson aliyatamka maneno hayo. Yaliandikwa miaka mingi baadaye. Kilichotokea ndicho kisicho na ubishi: Worcester alitolewa gerezani 1833 kwa msamaha wa gavana, na Wacherokee, ambao mahakama ilikuwa imesimama upande wao, walifukuzwa kwa bunduki mwaka 1838 na kutembezwa kuelekea magharibi. Maelfu walikufa njiani.

Jaribu kuutafsiri msemo ule. "Sasa na autekeleze mwenyewe." Haumi. Unaonekana kama Jackson anamkumbusha jaji atimize wajibu wake. "Sasa na aukazie mwenyewe." Hapo unamsikia mtu mwenye jeshi akimcheka mwenye kalamu.

Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Wamarekani walionekana wamejifunza. Marekebisho ya 13 ya katiba yao, ya 1865, yanafuta utumwa, kisha kifungu cha pili kinasema Bunge litakuwa na mamlaka ya ku-"enforce" marekebisho hayo kwa sheria zifaazo. Marekebisho ya 14 na ya 15 yakaja na kifungu cha namna hiyohiyo. La 15, la mwaka 1870, linasema raia asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake. Limeandikwa, limepitishwa, lina hata kitenzi ndani yake.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura iliyolipa meno marekebisho hayo ilisainiwa 1965. Sentensi yake ya kwanza inajitambulisha kuwa ni sheria ya ku-"enforce" marekebisho ya 15. Miaka 95 imepita katikati. Watu walizaliwa, wakazeeka, wakazikwa ndani ya kitenzi kilichokwisha kuandikwa.

Kwetu

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba ya Tanzania mwaka 1984. Lakini sheria ya mpito ikazuia watu kuzidai mahakamani kwa miaka mitatu, ili Serikali ipate nafasi ya kurekebisha sheria zake. Mlango ukafunguliwa Machi 1988. Na mwaka 1994 ikatungwa sheria ya utaratibu wa kuzidai, ambayo jina lake la Kiingereza limebeba neno "enforcement". Haki ikatangulia, mkono wake ukafuata.

Na kuna sehemu nyingine ya Katiba hiyohiyo, ile ya malengo muhimu na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali, inayozungumzia mambo mazito kama kazi, elimu na msaada wakati wa uzee na maradhi. Ibara ya 7(2) inayaweka masharti ya sehemu hiyo nje ya uwezo wa mahakama yoyote. Kwa Kiingereza hapo pana "enforceable". Niliwasomea ibara hiyo watu watatu wasio wanasheria, kila mmoja peke yake. Wawili walielewa kwamba mahakama zimeruhusiwa kutoyafuata masharti hayo.

Hawakuwa wajinga. Walisoma Kiswahili kama Kiswahili kilivyo.

Lugha ya mahakama zetu inabadilika, na nafurahi kuliona hilo nikiwa hai. Mwanzoni mwa 2021 Jaji Zephrine Galeba alisifiwa na Rais Magufuli hadharani kwa kuandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili, na mwaka huohuo sheria ikarekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi hiyo ni kubwa mno. Lakini sheria ikihamia Kiswahili na "enforce" zote zikageuka "tekeleza", tutakuwa tumewapa watu karatasi wanayoweza kuisoma bila kuwapa wanachokitafuta ndani yake: nani atanishika, kwa lipi, na mimi nitamshika nani.

Nguvu ya soda

Mtaani watu wameshalitatua jambo hili kwa namna yao. Trafiki wanakaza. Wamelegeza. Wamebana wiki hii kwa sababu kuna mgeni. Ikiisha, tunasema ilikuwa nguvu ya soda: kizibo kinafunguka, povu linapanda, halafu maji matamu.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku hapa, tarehe 1 Juni 2019, wengi tulidhani ni soda. Haikuwa. Ndani ya siku chache masoko yalibadilika, na kwa muda mrefu nilikwenda gengeni na kikapu changu. Baadaye vifungashio vyepesi, vile vya kuwekea karanga, vikaanza kubebea nyanya, kisha nyanya na vitunguu, kisha sukari. Sheria ni ileile, haikuguswa hata nukta. Kilicholegea ni kamba.

Kali mno

Niliporudisha rasimu ya pili kwa wenye mradi niliandika "Kamati itawalazimisha watumiaji wa maji kufuata sheria ndogo hizi." Ilirudi kesho yake na maandishi mekundu pembeni: kali mno, itawatisha wananchi, weka "itasimamia".

Nililikataa kwanza kwa hasira, halafu nikalitazama vizuri. Kusimamia ni neno zuri. Ni kusimama juu ya jambo, kama msimamizi wa chumba cha mtihani. Lina mwili ndani yake, lina miguu. Lakini msimamizi anaweza kusimama siku nzima mikono nyuma na watu wakanakiliana. Neno halisemi atafanya nini akiona.

Na yule aliyeandika kwa wino mwekundu alikuwa na hoja ambayo nisingependa kuipita haraka. Kulazimisha si neno la kawaida masikioni mwa watu wa nchi hii. Mwislamu yeyote aliyesoma chuoni anaijua aya ya 256 ya Suratul Baqara, kwamba hapana kulazimisha katika dini. Wahenga wameacha hiari yashinda utumwa. Na kuna vijiji.

Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1968 kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo iwe imekamilika kufikia mwisho wa 1976. Kati ya tamko la kwanza na la pili ni miaka mitano. Babu yangu mzaa baba, kule Lindi, alihamishwa 1974. Alipewa siku tatu. Mikorosho yake ilibaki maili kadhaa nyuma, akawa anaitembelea kama mtu anavyotembelea makaburi. Alimpenda Mwalimu mpaka anakufa na sikumsikia akimlaumu, ila alikuwa na namna moja ya kuzungumzia mwaka ule. Hakusema tulilazimishwa. Alisema "wakati wa operesheni", na sauti ilishuka.

Operesheni. Neno lingine lisilomtaja mtu.

Basi nilikaa na maneno yangu mawili, lile linalotisha na lile linalotuliza, nikaona kwamba swali langu tangu mwanzo lilikuwa na kasoro. Nilikuwa natafuta neno moja la kuziba nafasi ya neno moja. Wiki tatu nilipekua kamusi, nikawapigia wenzangu wawili wa kazi, mmoja akanipa "kutilia nguvu", mwingine akasema siku zote yeye huweka "kuhakikisha zinafuatwa" na hajawahi kulalamikiwa. Bila shaka hajalalamikiwa. Neno lisilomshika mtu halimuumizi mtu.

Mama wa kwenye mkeka hakuniomba neno. Aliuliza nani, vipi, na risiti.

Kifungu cha 14

Niliandika upya bila kitenzi hicho kabisa. Niliwaeleza wenye mradi kwamba sitaleta sentensi moja, nitaleta tano, na kwamba kabla ya kuziandika nahitaji kukaa siku nzima na kamati, na mtendaji, na baadhi ya akina mama wanaochota maji pale, kwa sababu mambo hayo hayamo kwenye nakala ya Kiingereza na mimi siwezi kuyabuni. Walikubali. Nashukuru walikubali.

Siku hiyo tulibishana kuhusu ndoo kuanzia saa nne mpaka saa nane. Vijana wawili wa kamati walitaka haki ya kuchukua ndoo za wanaopita foleni au kunyweshea mifugo bombani. Mama mmoja akawauliza kama wanajua ndoo moja inauzwa shilingi ngapi, na kama mtoto akitumwa akarudi bila ndoo anapigwa na nani. Walinyamaza. Ndoo ikatoka kwenye rasimu. Nilichoandika ni hiki:

"Mtu akinyweshea mifugo kwenye kituo cha kuchotea maji, mwanakamati wa zamu atamwonya mbele ya shahidi mmoja. Akirudia, atalipa faini ya shilingi 10,000 kwa mtunza hazina na kupewa risiti siku hiyohiyo. Asipolipa ndani ya siku 14, kamati itapeleka jina lake kwa mtendaji wa kijiji, naye atamfikisha mahakama ya mwanzo. Mtu anayeona ameonewa atapeleka malalamiko kwenye halmashauri ya kijiji kabla ya siku hizo kwisha. Hakuna mwanakamati atakayechukua ndoo ya mtu."

Hakuna "tekeleza" wala "simamia" wala "lazimisha". Ila kila mahali pana -mw- na -m-: atamwonya, atamfikisha. Nilimsomea mama yangu kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo ya siku 14 ni nzuri. Sisi hatukuwekewa siku."

Ijumaa iliyopita mtendaji alinipigia. Mkutano umekaa tena, kifungu cha 14 kimepita, watu wamenyoosha mikono karibu wote.

"Ila dada, yule mzee wetu kasimama tena."

"Kasema nini?"

"Kauliza, mwanakamati wa zamu akileta ng'ombe wake mwenyewe kunywa pale, atakayemwonya ni nani?"

Nikamuuliza mkutano umejibu nini. Akasema hawakujibu, wamesema apigiwe mwandishi.

Nimefungua faili tangu asubuhi. Kifungu cha 15 kinaanza na "Mkutano mkuu wa kijiji uta-", na hapo nimesimama, natafuta kitenzi.